Barabara Yafuata Watu, au Watu Wafuata Barabara?

Somo la redioni kwa madarasa ya watu wazima. Historia: Njia za Tabora, tangu misafara hata lami.

 

Leo tutazungumza habari za barabara. Labda mmoja wenu atasema, "Barabara naijua, naikanyaga kila siku, ya nini kufundishwa?" Ni kweli, waijua. Lakini nakuuliza: ni nani aliyesema ipite hapo inapopita? Kwa nini barabara moja ina lami, na nyingine, iliyo karibu yake, haipitiki masika hata kwa baiskeli? Mti huota wenyewe. Barabara haioti. Watu walikaa mahali, wakatazama ramani au wakatazama nchi, wakakata shauri: ipite hapa, isipite pale. Shauri lililokatwa na watu laweza kukatwa upya, na katika nchi yetu ya magharibi limekatwa upya mara nyingi. Tufuate habari hiyo tangu zamani za misafara.

Chukua Kipalapala, kusini ya mji wa Tabora, kuwa mahali petu pa kusimama. Wengi walijua jina hili kwa kulisoma katika vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa hapo na matbaa ya T.M.P. Ukisimama hapo ukatazama mashariki, utazame kwa akili maana kwa macho huwezi, ndiko ilikotoka njia kuu ya misafara. Ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikaingia nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ikatokea Tura, kisha Rubuga, kisha Kigwa, hata Unyanyembe, ambapo leo ni Tabora. Hapa njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji penye ziwa Tanganyika. Nyingine ilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Toka Bagamoyo hata Ujiji ni kiasi cha kilometa 1,200.

Njia hii haikupimwa na fundi yeyote. Ilikuwa nyembamba, watu wakienda mmoja nyuma ya mwenzake. Nayo ilifuata mambo mawili, maji na chakula. Kisima kikikauka, njia ilihama. Kijiji chenye mtama mwingi kilipata wageni wengi. Mtawala akizidisha hongo, misafara ilimzunguka ikipata nafasi. Angalieni neno hilo "hongo". Siku hizi maana yake ni rushwa, tena hutolewa kwa siri. Zamani zile lilikuwa ni ushuru wa kupita katika nchi ya watu, ukalipwa mchana kweupe kwa nguo, shanga na waya, ingawa wasafiri waliulalamikia kila siku. Lugha nayo husafiri, ikabadilika njiani.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, pamoja na chombo chake cha kupikia, mkeka na chakula. Wengi waliondoka kwao baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla mvua hazijaanza, ili wawahi kulima. Upagazi ulikuwa kazi yao, wenye sifa na ujuzi wake, na kijana asiyewahi kwenda pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima hasa. Mwendo wenyewe ulikuwa wa taratibu. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani tarehe 27 Juni 1857, akafika Tabora, ambayo yeye aliiita Kazeh, tarehe 7 Novemba. Hesabuni kwa vidole: ni siku 134. Leo basi latoka Dar es Salaam hata Tabora kwa siku moja.

Tusiipambe njia hiyo kupita kiasi. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliofungwa minyororo wakapita hapo. Miembe mikubwa mnayoiona Tabora na Ujiji ni mizuri kwa kivuli, lakini baadhi yake imeona mambo ambayo mtu hapendi kuyasimulia mbele ya watoto.

Katika mwaka 1871 watu wa Tabora walifundishwa kwa nguvu kwamba njia ni mali. Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Pembe hazikutoka, nguo hazikuingia. Henry Morton Stanley, aliyekuwa amekaa Kwihara karibu na Tabora akimtafuta David Livingstone, ilimpasa kuzunguka mbali sana upande wa kusini kabla ya kufika ziwani. Mirambo hakuwa na ramani ya karatasi. Lakini alijua sawasawa jambo ambalo kila mtunga mpango wa barabara hulijua: mwenye kuishika njia panda huwashika wote wapitao.

Sasa tuje kwenye reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Urefu wake wote ni kiasi cha kilometa 1,250. Kwa sehemu kubwa ilikwenda sambamba na njia ya misafara, si ajabu, maana nchi ni ile ile na mabonde ni yale yale. Lakini angalieni ilipoanzia na ilipokomea. Haikuanza Bagamoyo, ilianza Dar es Salaam. Haikukomea Ujiji, ilikomea Kigoma, kilometa chache tu kaskazini yake. Bagamoyo na Ujiji ilikuwa miji mikubwa ya njia, mmoja kichwani na mmoja mkiani. Yote miwili ilipungua, na wafanya biashara wakahamia penye stesheni. Kilometa chache zilitosha.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Njia ya misafara iliwafuata watu na visima. Reli haiwezi kuhama kisima kikikauka. Tangu hapo ilikuwa juu ya watu kuifuata. Upagazi wa safari ndefu, kazi iliyolisha nyumba nyingi za Unyamwezi, ulikwisha kwa miaka michache, ingawa vita ya 1914 hata 1918 iliwarudisha wanaume wengi chini ya mizigo, safari hii kwa kulazimishwa. Reli ilileta faida, nani atakataa? Lakini aliyepanga reli hakuketi kwanza na wapagazi kuwauliza watakula nini.

Waingereza walipotawala Tanganyika waliongeza reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyofika huko mwaka 1928. Tabora ikawa njia panda mara ya pili. Na barabara za magari? Shauri la Serikali ile lilikuwa wazi: barabara iwe mtumishi wa reli. Itoke shambani iende stesheni, basi. Reli ilikuwa imekula fedha nyingi, na kila mzigo uliochukuliwa na lori ulipunguza mapato yake. Katika miaka ya 1930 ziliwekwa hata sheria za kuzuia malori yasichukue bidhaa kwenye njia zilizoshindana na reli. Ukitazama ramani ya siku zile waona kitu kama mfupa wa samaki. Reli ni uti wa mgongo, barabara ni miiba.

Hesabu hiyo ilikuwa na maana yake mwaka 1930. Ubaya ni kwamba ramani huishi kuliko sababu zake. Sheria zile zilikwisha, malori yakawa mengi, Uhuru ukaja mwaka 1961, lakini mfupa wa samaki ulibaki palepale kwa miaka mingi. Tabora ilipata gari la moshi mwaka 1912. Lami ya kuiunganisha na mikoa mingine ilikuja katika miaka ya 2010. Ni miaka mia moja! Mimi naona hilo ndilo jibu kwa anayeuliza kuna faida gani kuutazama upya mpango wa zamani. Usipoutazama, waendelea kumtii mtu aliyekwisha kufa.

Msifikiri kwamba baada ya Uhuru hapakuwa na mipango. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza mwaka 1964. Lakini Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe, walijitangazia utawala wao wenyewe. Zambia, jirani yetu, ambayo ilipitisha shaba na mafuta yake upande huo, ikawa kama mtu aliyefungiwa mlango. Ilibidi apewe mlango mwingine, nao ulikuwa Dar es Salaam. Basi barabara ya kwenda Mbeya na Tunduma ikatangulizwa mbele, ikajengwa kwa lami, kisha ikafuata reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Hayo yalibadili kabisa mahali fedha na mitambo vilipokwenda. Magharibi ikangoja. Sisemi shauri lile lilikuwa baya. Nasema tu kwamba hata mpango mzuri hauwezi kujua mambo ya mwakani, na kwa hiyo haufai kuandikwa mara moja ukafungiwa sandukuni.

Kisha likaja jambo ambalo wazee wengi wa darasa hili walilipitia kwa miguu yao. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kwamba kazi ya kuwakusanya watu wote iishe katika miaka mitatu. Mamilioni walihama. Mahali pengi vijiji vipya vilipangwa kandokando ya barabara, ili shule, zahanati na lori la mazao vifike kwa urahisi. Huku kwetu haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa ajili ya ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o, Waingereza waliwakusanya watu wa nchi ya miombo katika makao makubwa, mbali na mashamba yao ya asili. Mara mbili basi watu wa Unyamwezi wamehamishwa kuifuata njia au makao yaliyopangwa na wengine.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana habari hii yagusa nyumba zenu. Sheria ya zamani ya barabara, ambayo asili yake ni mwaka 1932, ilihesabu hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 22.5 kila upande toka katikati. Hifadhi ni ile ardhi ya kando isiyojengwa, iliyowekwa kwa ajili ya kupanua barabara, kuchimba mitaro na kupitisha mabomba. Sheria mpya ya mwaka 2007 iliiongeza ikawa mita 30 kila upande. Aliyejenga mita 25 toka katikati alikuwa nje ya hifadhi. Siku sheria ilipobadilika akajikuta ndani, na hakusogea hata hatua moja! Ndipo zilipoonekana alama za X kwenye kuta. Kwa kawaida X nyekundu ilikuwa kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, naye hakuwa na haki ya fidia. X ya kijani ilikuwa ya yule aliyekutwa katika mita 7.5 zilizoongezwa, naye alipaswa kulipwa fidia ardhi yake ikitwaliwa. Fikirini mtu aliyehamishwa mwaka 1974 akaambiwa kaa karibu na barabara, mwanawe akaja kuambiwa umekaa karibu mno. Wote wawili walitii. Ramani ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo mnapokwenda kununua kiwanja, chukueni kamba mpime toka katikati ya barabara kabla ya kutoa fedha. Katika darasa la hesabu mmejifunza kupima. Hapa ndipo pa kulitumia.

Turudi kwenye njia yetu ya mashariki. Barabara ya lami toka Manyoni kuja Tabora ilijengwa vipande vipande, na kipande kilichobaki mwisho kilikuwa kati ya Nyahua na Chaya, kilometa 85 na kitu. Watazameni majirani wake: Kigwa upande huu, Tura, kisha nyika ya Itigi. Hii ndiyo nchi ya Mgunda Mkali. Pale wapagazi walipokaza mwendo kwa kuogopa kiu, ndipo na lami ilipochelewa, na kwa sababu ile ile. Watu ni wachache, maji ni haba, na kila kitu cha kujengea lazima kiletwe toka mbali. Kipande hicho kilizinduliwa mwaka 1922? La, mwaka 2022! Nimekosea makusudi nione kama mnasoma kwa makini. Mwaka huo huo ilizinduliwa na barabara ya kutoka Tabora kupita Sikonge na Koga mpaka Mpanda, zaidi ya kilometa 300 za miombo. Reli nayo haikulala. Mkataba wa reli mpya toka Makutupora hata Tabora ulitiwa sahihi mwaka 2021, na ile ya kuendelea Isaka na Kigoma mwaka 2022. Tabora yatafuta kuwa njia panda mara ya tatu.

Lakini ninyi wa vijijini mwaniuliza habari za barabara zenu, siyo za Mpanda. Haya. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, ulioanza mwaka 2017. Ya kwako, itokayo kitongojini hata kwenye ghala la tumbaku, karibu hakika ni ya TARURA. Wakala huu ulipoanza ulirithi daftari la barabara zenye jumla ya kiasi cha kilometa 109,000 nchi nzima. Baadaye barabara zilipopimwa na kuandikwa upya, jumla ikapanda ikazidi kilometa 144,000. Je, kilometa zile zaidi ya 35,000 zilianguka toka mbinguni? Nyingi zilikuwapo, watu wakipita kila siku. Zilikuwa hazijaandikwa tu. Na barabara isiyoandikwa haipati fedha ya matengenezo, hata kama babu yako aliipita.

Fedha zenyewe zatoka wapi? Sehemu kubwa yatoka kwenye mafuta ya magari. Mwaka 1998 uliundwa Mfuko wa Barabara kukusanya tozo hiyo, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Mwenye pikipiki anayekuchukua kwenda mnadani alipa tozo hiyo, nawe wamlipa nauli. Kwa hiyo hata asiye na gari anachangia.

Kuna mtego mmoja katika kupanga, nataka muujue. Mpimaji akitaka kujua barabara ipi itangulie, huhesabu magari yapitayo. Ni kazi nzuri ya hesabu. Lakini barabara iliyokatika, yenye kalvati lililosombwa na maji, itapitwa na magari mangapi? Hakuna. Basi daftari litasema: hapa hapana haja, magari hayapiti. Na kwa kuwa haitengenezwi, magari hayatapita mwakani pia. Mwanamke aliyebebwa kwa baiskeli usiku akienda kujifungua hahesabiwi kuwa gari. Mirobota ya tumbaku inayoshushwa mara mbili na kuvushwa mtoni kwa vichwa haihesabiwi. Asali ya Sikonge itokayo porini kwa miguu haihesabiwi. Wapangaji wazuri wajua mtego huu, kwa hiyo huuliza pia idadi ya watu, shule, zahanati na mazao. Lakini majibu ya maswali hayo hayako ofisini. Yako kwenu.

Njia ya kuyafikisha ni hii. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu kwa sheria. Hapo jambo husemwa likaandikwa katika muhtasari. Kutoka kijijini huenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya, ambayo huketi pamoja na meneja wa TARURA wakati wa kupanga kazi za mwaka. Neno lisiloandikwa katika muhtasari wa kwanza haliwezi kusomwa katika kikao cha tatu. Zamani mtu aliyejua kuandika alikuwa mmoja kijijini, naye aliandika alilolitaka yeye. Sasa katika darasa hili peke yake mko wangapi?

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo. Jigaweni watu watatu watatu. Kila kundi lichague barabara moja isiyozidi mwendo wa saa moja, liipite yote kwa miguu, na mmoja ahesabu hatua. Andikeni inapoanzia na inapoishia, kila mto na kila kalvati, na kama limevunjika au ni zima. Andikeni ni miezi gani haipitiki. Siku moja ya mnada, tangu alfajiri hata jioni, hesabuni wapitao: waendao kwa miguu, baiskeli, pikipiki, mikokoteni, magari, kila namna katika safu yake. Chini ya karatasi wekeni majina yenu na tarehe, kisha mwulizeni mtendaji wa kijiji siku ya mkutano ujao.